Viunganishi vya waya kwa Land Rover Series IIA

Ndugu, vile viunganishi vya plastiki nyekundu na bluu ulivyouziwa kwa ajili ya taa kubwa vinachomoka kwa sababu si vya saizi yake, wala fundi wako hana kosa. Magari ya Uingereza ya enzi ya Series IIA, miaka ya 1960, yalitumia vichwa vya waya vya shaba vya Lucas (kampuni ya vifaa vya umeme vya magari) vyenye umbo la risasi na kipenyo cha milimita 4.7, huku vile vyekundu vya kisasa vikiwa na takriban 4 na vya bluu takriban 5, kwa hiyo chekundu kinacheza ndani ya raba nyeusi inayounganisha vichwa viwili na cha bluu hakiingii bila kulazimishwa. Kabla ya kuagiza, chomoa kichwa kimoja cha zamani, kisugue kutu, ukipime kwa kalipa.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba, ingawa kipenyo cha nje hakibadiliki, tundu la kuingizia waya hutofautiana kulingana na unene wa waya wenyewe. Ukiweka waya mwembamba kwenye tundu pana, utabana mpaka uchoke na bado waya utachomoka. Mimi hupendelea kulehemu waya kwenye kichwa badala ya kubana. Zile raba nazo zibadilishe zote, maana bomba la chuma lililo ndani yake hulegea na kushika kutu, na hapo ndipo taa huanza kufifia.

Unapoagiza, taja kipimo cha 4.7 badala ya jina la gari.