Jibu: Simu inaitika bila kuitwa, je, inanirekodi muda wote?

Salama mkuu. Umesema simu yako ya Android inaitika yenyewe mkiwa mnapiga stori, na sasa unahofia kila neno linarekodiwa.

Maikrofoni kweli inakuwa macho muda wote, ila inachovizia ni lile neno la kuiita ("Hey Google"), na kazi hiyo inafanyika humo humo ndani ya simu. Ikidhani imeitwa ndipo sauti inaenda Google. Shida iko hapo kwenye "ikidhani". Mwaka 2019 kituo cha utangazaji cha VRT cha Ubelgiji kilisikiliza rekodi zaidi ya 1,000 zilizovuja za Google Assistant, yule msaidizi wa sauti anayeitika kwenye simu. 153 zilikuwa za watu ambao hawakuita chochote.

Anza na myactivity.google.com, ukurasa wa kumbukumbu zako za Google, chuja upande wa Assistant. Kwangu nilikuta kipande cha mtangazaji wa mpira kwenye TV ya sebuleni, anapiga kelele za goli! Usipokuta sauti, soma maandishi, nayo yanaeleza mengi. Futa usiyoyataka.

Halafu ingia mipangilio ya Assistant, zima "Hey Google" kwenye Voice Match (sehemu ya kutambua sauti yako). Majina ya menyu hubadilika kidogo kati ya simu na simu, kwa hiyo tafuta tu neno Voice.

Kama ni Android 12 kwenda juu, fungua Dashibodi ya Faragha uone programu zilizotumia maikrofoni ndani ya saa 24. Mimi hapo ndipo ningekaza macho zaidi: programu ya tochi inataka maikrofoni ya nini? Ing'oe. Ukikuta jina usilolielewa, liweke hapa tuliangalie.