Laptopu mpya yenye Linux: spika kimya, mashine nzito, uanzie wapi

Spika za laptopu mpya zikigoma kutoa sauti baada ya kuweka Linux, wengi huanzia juu. Wanafuta PulseAudio (programu inayosimamia sauti), wanaisakinisha tena, wananakili amri za miaka kumi iliyopita, na mwisho wake mfumo unavurugika kuliko ulivyokuwa. Ushauri wangu ni kuanzia chini kabisa, kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoendesha vifaa, na fimwea, programu ndogo ambayo kerneli huipakia ndani ya kifaa chenyewe. Kwenye mashine mpya, sauti kukosekana, skrini kujikokota na Wi-Fi kutoonekana mara nyingi vina chanzo kimoja: vifaa vimeingia sokoni baada ya kerneli unayoitumia kukamilika.

Linganisha tarehe uone. Debian 12 (Debian, kama Ubuntu, Fedora na Arch, ni usambazaji wa Linux, yaani mfumo kamili uliojengwa juu ya kerneli) ilitoka Juni 2023 na kerneli 6.1, na kerneli hiyo ilikuwa imekamilika tangu Desemba 2022. Prosesa za kwanza za Intel Core Ultra zikazinduliwa Desemba 2023. Ukiweka Debian 12 kwenye laptopu ya Core Ultra, unaitaka kerneli iendeshe vifaa ambavyo havikuwepo dukani ilipotolewa. Mashine itawaka, lakini sauti, picha na Wi-Fi ndivyo vinavyoathirika kwanza. Ubuntu 24.04 ilianza na kerneli 6.8, na Debian 13 ya Agosti 2025 ina 6.12. Kama laptopu ni ya toleo jipya, anzia na 6.12 au zaidi.

Kwanza jua uliyonayo, kisha soma kerneli imelalamikia nini tangu mashine iwake, kwa amri hizi za terminal:

uname -r
sudo journalctl -k -b -p warning

Usitishwe na wingi wa mistari. Malalamiko mengi ya ACPI (mpango wa umeme na vifaa) yanatokana na BIOS na hayazuii kitu. Tafuta maneno firmware, sof na snd (haya mawili ni ya sauti), pamoja na kiendeshi cha kadi ya picha: i915 au xe kwa Intel, amdgpu kwa AMD. Ukikuta mstari wa firmware unaoishia na error -2, maana yake kerneli iliomba faili la fimwea ikalikosa kwenye /lib/firmware.  Bila fimwea kifaa kipo ila hakifanyi kazi. Hapo kinachokosekana ni kifurushi, na kubadilisha kerneli peke yake hakutasaidia.

Kwenye Debian, sauti ya laptopu nyingi mpya za Intel inahitaji firmware-sof-signed, Wi-Fi ya Intel inahitaji firmware-iwlwifi, na kadi za picha za AMD zinahitaji firmware-amd-graphics. Tangu Debian 12 vifurushi hivi viko kwenye sehemu inayoitwa non-free-firmware, kwa hiyo hakikisha neno hilo limo kwenye orodha yako ya vyanzo vya apt (programu ya kusakinisha vifurushi). Fedora wanakiita kifurushi cha sauti alsa-sof-firmware, na Arch ni sof-firmware. Watumiaji wa Arch wanakisahau mara nyingi kwa sababu hakimo ndani ya linux-firmware.

Kama Wi-Fi yenyewe ndiyo haionekani, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Kerneli huitambua simu kama kadi ya mtandao bila kusakinisha chochote. Kuwa mwangalifu na bando tu: kifurushi cha linux-firmware cha Ubuntu kina mamia ya MB. Apt hukuonyesha ukubwa wa upakuaji kabla ya kuanza, kwa hiyo soma namba hiyo, na kama bando halitoshi bonyeza n, au Ctrl+C kama haikukuuliza.

Kama fimwea ipo na kifaa bado hakitambuliwi, ndipo unapandisha kerneli. Ubuntu 24.04 ina njia rasmi:

sudo apt install linux-generic-hwe-24.04

Kwenye Debian 13, ongeza mstari huu kwenye vyanzo vya apt, kisha usakinishe kerneli kutoka backports (hazina ya matoleo mapya zaidi):

deb http://deb.debian.org/debian trixie-backports main contrib non-free-firmware

sudo apt update
sudo apt install -t trixie-backports linux-image-amd64

Pandisha na vifurushi vya fimwea kwa -t hiyohiyo, kama viko huko. Kerneli mpya yenye fimwea ya zamani ni chanzo kingine cha error -2, kwa kuwa kerneli mpya huomba majina mapya ya mafaili. Na kama una kiendeshi cha DKMS (kinachojengwa upya kwa kila kerneli), mfano cha NVIDIA au cha kidude cha Wi-Fi cha USB, sakinisha linux-headers-amd64 ya toleo lilelile. Bila hizo headers kiendeshi hakitajengwa, na utawasha mashine ukute mtandao au picha imepotea.

Mambo matatu huharibu zoezi hili. La kwanza ni Secure Boot, kinga inayoruhusu kuwasha programu zilizosainiwa tu. Kerneli za Debian na Ubuntu kutoka vyanzo rasmi zimesainiwa, lakini zile za mainline ambazo Ubuntu huziweka kwa ajili ya majaribio hazijasainiwa, na GRUB, programu inayowasha kerneli, itazikataa kwa ujumbe wa bad shim signature. Hali yako utaijua kwa mokutil --sb-state. La pili ni kujaa kwa /boot, folda zinamokaa kerneli. Ukisakinisha Linux kwa kusimba (encrypt) diski nzima, /boot hutengwa kama kizigeu (partition) kidogo, na kerneli tatu au nne zinaweza kukijaza. Angalia df -h /boot kabla ya kusasisha, na usafishe kwa sudo apt autoremove --purge. Initramfs (faili la kuanzia la kila kerneli ndani ya /boot) iliyoandikwa nusu kwa sababu ya nafasi kuisha haiwashi mashine. La tatu ni umeme: kwenye laptopu hakikisha betri ina chaji ya kutosha, na kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS usianze kazi hii siku ambayo umeme unakatikakatika.

Kerneli ya zamani usiifute. Iache hadi mpya ikae wiki nzima bila tatizo. Ikikushinda, shikilia Shift au bonyeza Esc mashine inapowaka, ingia Advanced options kwenye menyu ya GRUB, uchague ile ya zamani.

Sasa sauti. Njia yake ina ngazi nne: kerneli, ALSA (inayoongea na kadi ya sauti), PipeWire pamoja na WirePlumber (zinazopeleka sauti za programu kwenye kadi), halafu programu unayotumia. Panda ngazi mojamoja.

cat /proc/asound/cards

Ikijibu no soundcards, usiguse PipeWire kabisa. Tatizo liko kwenye kerneli au fimwea, na ndiyo maana mipangilio ya GNOME inakuonyesha Dummy Output peke yake. Rudi kwenye logi utafute sof. Ikionyesha kadi, tazama ni ipi. Kadi ya HDMI peke yake inamaanisha kodeki ya spika (chipu inayozipa spika sauti) haijatambuliwa.

Kadi ikiwepo, fungua alsamixer na ubonyeze F6 uchague kadi halisi, kwa sababu skrini ya kwanza huonyesha ile ya PipeWire. Chini ya kila mhimili kuna herufi: MM ni kimya, 00 ni wazi. Bonyeza M kufungua. Kagua Master, Speaker na Headphone, kila mmoja peke yake, na utazame Auto-Mute Mode. Kitambuzi cha tundu la hedifoni kikikosea, mfumo hudhani kuna hedifoni muda wote na huzima spika; kuweka Auto-Mute kuwa Disabled hurudisha sauti papo hapo.

Kisha jaribu kadi moja kwa moja, ukiipita PipeWire:

speaker-test -D plughw:0,0 -c 2 -t wav -l 1

Sifuri ya kwanza ni namba ya kadi na ya pili ni ya kifaa. Zisome kutoka aplay -l. Ukijibiwa Device or resource busy, zima muziki, subiri sekunde kadhaa PipeWire iachie kadi, ujaribu tena. Sauti ikitoka hapa lakini kivinjari kiko kimya, tatizo ni la ngazi ya tatu. Endesha wpctl status. Chini ya Sinks, nyota ndiyo inayoonyesha sauti inakoelekezwa, na mara nyingi utaikuta kwenye HDMI. Chukua namba ya spika uandike wpctl set-default ikifuatiwa na namba hiyo. Huduma zikiwa zimekwama:

systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Bila sudo. Huduma hizi ni za mtumiaji, na sudo itakupeleka kwa root ambako hazipo.

Kuna hali inayowasumbua sana wenye laptopu za bei kubwa: hedifoni inasikika vizuri, lakini spika zinatoa sauti nyembamba kama ya redio ya mkulima, au hazitoi kabisa ingawa kila kitu kinaonekana sawa. Laptopu hizo zina amplifaya ndogo za pembeni, kama Cirrus Logic CS35L41 au TAS2781 ya Texas Instruments, ambazo zinahitaji fimwea yake na usajili wa modeli husika ndani ya kerneli. Hakuna mpangilio wa alsamixer utakaoziamsha. Tafuta cs35l41 au tas2781 kwenye logi. Dawa ni kerneli na fimwea mpya zaidi.

Utakutana pia na ushauri wa kulazimisha kiendeshi cha zamani kwa mstari huu ndani ya /etc/modprobe.d/sauti.conf:

options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1

Unafanya kazi kwenye baadhi ya laptopu za Intel, lakini maikrofoni za ndani zilizounganishwa na DSP (chipu ya kuchakata sauti) zitakufa. Kama mikutano ya video ndiyo kazi yako, huo si ufumbuzi. Mlio wa tik kila sauti inapoanza ni jambo jepesi zaidi: kadi inalala ili kuokoa umeme. Jaribu kwanza kwa muda:

echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Tiki zikikoma, weka options snd_hda_intel power_save=0 kwenye faili la modprobe. Mashine isiyo na folda hiyo haitumii kiendeshi hicho.

Tuje kwenye kasi. Kabla ya kulaumu prosesa, uliza nani anachora skrini:

glxinfo -B | grep -i renderer

Amri hii imo kwenye mesa-utils. Ukiona llvmpipe, kadi ya picha haitumiki na prosesa ndiyo inachora kila dirisha. Ndiyo sababu video zinakwama na feni inapiga kelele muda wote. Tazama cat /proc/cmdline. Kama kuna nomodeset, ilibaki kutoka kwenye usakinishaji wa safe graphics. Iondoe kwenye /etc/default/grub, endesha sudo update-grub, washa upya. Kama haipo, tunarudi palepale kwenye kerneli, fimwea na Mesa (maktaba za kuchora picha).

Picha ikiwa sawa, tazama mwendo wa prosesa kwa watch grep MHz /proc/cpuinfo huku ukifanya kazi nzito. Ikiganda kati ya MHz 400 na 800, kuna kitu kinaibana: joto, ambalo utaliona kwa sensors, au chaja ambayo laptopu haiitambui. Chaja mbadala yenye wati pungufu hufanya hivi kimyakimya, hata kama betri inajaa. Neno powersave kwenye intel_pstate (kiendeshi cha mwendo wa prosesa za Intel) lisikuogopeshe. Kiendeshi hicho hupandisha mwendo kazi inapohitaji. Kinachofaa kuangalia ni powerprofilesctl get, na ukikuta power-saver, rudisha balanced.

Kuhusu RAM, endesha sudo dmidecode -t memory. Kipande kimoja cha GB 8 huku nafasi ya pili ikisema No Module Installed kinapunguza kasi ya kadi ya picha ya ndani kuliko vipande viwili vya GB 4, kwa sababu kadi hiyo inakula njia ileile ya kumbukumbu. Kuongeza kipande cha pili kunasaidia kuliko mpangilio wowote wa programu. Ukishindwa kununua sasa, sakinisha zram-tools, inayobana yaliyomo kwenye RAM ili itoshe zaidi, weka ALGO=zstd na PERCENT=50 kwenye /etc/default/zramswap, kisha sudo systemctl restart zramswap.

Kuwaka taratibu kuna sababu chache. Tumia systemd-analyze critical-chain kuliko blame, kwa kuwa huduma nyingi huwaka kwa pamoja na blame inaweza kuilaumu isiyochelewesha kitu. Kusubiri dakika 1 na sekunde 30 kamili kwa kawaida ni fstab (orodha ya vizigeu vya kuunganishwa mashine inapowaka) inayotafuta kizigeu kisichokuwepo, mara nyingi swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ambayo mfumo wa pili uliipangia UUID (kitambulisho) mpya ulipokuwa unasakinishwa. Linganisha lsblk -f na /etc/fstab, halafu na /etc/initramfs-tools/conf.d/resume kama faili hilo lipo, sahihisha, umalizie na sudo update-initramfs -u.

Kujijengea kerneli kwa ajili ya kasi sikushauri. Tofauti hutaiona kwenye kazi za kawaida, ujenzi wenye taarifa za debug unakula makumi ya GB za diski, na make localmodconfig huacha kila moduli ambayo haikuwa imepakiwa wakati huo, ikiwemo ile ya simu uliyoitegemea kwa intaneti. Vilevile acha mitigations=off. Inazima kinga dhidi ya Spectre na wenzake (udhaifu wa prosesa unaovujisha siri) kwenye mashine unayofungulia akaunti ya benki.

Baada ya haya yote sauti ikiwa bado imegoma, huenda modeli yako haijasajiliwa kwenye kerneli, na itasajiliwa pale mtu atakaporipoti. Endesha sudo alsa-info --no-upload. Itaandika kila kitu kuhusu kadi, kodeki na mipangilio kwenye faili moja ndani ya /tmp. Ambatanisha faili hilo, jibu la uname -r, na mistari ya sof au snd kutoka kwenye logi, kwenye ripoti unayopeleka kwa usambazaji wako. Kabla ya kutuma lipitie uondoe jina la mashine kama hutaki lionekane, na uandike wazi kama hedifoni inafanya kazi au la, kwa sababu ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.