Maswali ya wasomaji: breki ya mbele, kona zinazopitiliza na cheni inayogonga

Swali: Tangu nijifunze pikipiki naambiwa nisiguse breki ya mbele kwa sababu itanipindua. Natumia ya nyuma tu. Juzi gari lilisimama ghafla mbele yangu, tairi la nyuma likaburuzika na nilinusurika kwa tundu la sindano. Nilikosea wapi?

Jibu: Ulipewa ushauri mbaya, ndugu yetu, na umeenea sana. Unapofunga breki, uzito wa pikipiki pamoja na wako hulala mbele. Tairi la mbele hukandamizwa barabarani na kushika vizuri zaidi. La nyuma hubaki jepesi, na tairi jepesi likibanwa kidogo tu huacha kuzunguka. Kwenye lami kavu, zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya kusimamisha pikipiki hutoka mbele. Kwa hiyo siku ile breki yako yenye nguvu zaidi haikufanya kazi yoyote.

Kinachoangusha watu ni kuivuta kwa pupa. Tairi linafungwa kabla uzito haujafika mbele, linateleza, na pikipiki inalala papo hapo. Achia mafuta, vuta breki ya mbele kwa wepesi hadi usikie shokamzoba za mbele zikishuka, kisha endelea kukaza kadiri tairi linavyokandamizwa. Hatua ile ya kwanza ni fupi, haifiki hata sekunde moja, lakini usiiruke. Wakati huohuo kanyaga ya nyuma kidogo. Bana tangi kwa magoti ili mikono isibebe uzito wa mwili, na macho yatazame mbali, si kwenye bampa la gari. Klachi ibane na ushushe gia hadi namba moja kabla hujasimama, ili uweze kuondoka haraka kama kuna gari linakuja nyuma.

Tairi la mbele likijifunga, achia mara moja, kisha vuta tena taratibu. La nyuma ni tofauti. Likijifunga pikipiki ikiwa bado imenyooka, legeza. Lakini mkia ukishakwenda pembeni usiachie ghafla: tairi litashika tena likiwa limekaa upande, pikipiki itajinyoosha kwa kishindo na kukurusha. Endelea kukanyaga, tazama mbele, hadi isimame. Kama pikipiki yako ina ABS (mfumo unaozuia tairi lisijifunge), vuta na ukanyage kwa nguvu bila kuachia; mtetemo utakaousikia mkononi na mguuni ni mfumo ukifanya kazi.

Jifunze kwenye uwanja wa lami usio na watu, ukianzia kilomita 20 kwa saa, halafu 30, halafu 40. Usipande hatua nyingine mpaka ile ya kwanza uifanye bila kufikiri. Na ukiwa barabarani kumbuka hesabu hii: kwa kasi ya 60, sekunde moja ya kushtuka inakula karibu mita 17, na breki nzuri kwenye lami kavu zinahitaji mita 20 nyingine. Kwa 80, kushtuka ni mita 22 na breki mita 35. Umeongeza kilomita 20 tu, lakini nafasi unayohitaji imetoka mita 37 hadi 57. Acha walau sekunde mbili kati yako na gari la mbele, na nne mvua ikinyesha.

Swali: Nikiingia kona kali napitiliza hadi upande wa magari yanayokuja. Nikishika breki katikati ya kona ndiyo kwanza inanyooka zaidi.

Jibu: Tairi lina mshiko wa kiasi fulani, na mshiko huohuo ndio unaogawanywa kati ya kukata kona na kufunga breki. Ukidai vyote viwili kwa pamoja, haukutoshi. Ndiyo maana breki na gia vimalizwe kabla ya kuinama, pikipiki ikiwa bado wima. Ndani ya kona shikilia mafuta yaleyale, au ongeza kidogo sana kuelekea mwisho.

Pili, ukishapita kasi ya kama kilomita 25 kwa saa, pikipiki hulalishwa kwa kusukuma usukani. Kona ya kulia: sukuma mkono wa kulia mbele, nayo italala kulia. Wengi wanaopitiliza huwa wamekaza mikono yote miwili, wanazuia pikipiki isiiname huku macho yakiganda pale wanapoogopa kwenda. Geuza kichwa, tazama kona inapoishia, sukuma zaidi. Kwa kawaida pikipiki inaweza kulala kuliko dereva anavyothubutu.

Ukikuta mchanga au kokoto ukiwa umeshainama, usiguse breki ya mbele na usiachie mafuta ghafla. Legeza mikono, inyooshe pikipiki kadiri nafasi inavyoruhusu, upite.

Swali: Kwenye mteremko mrefu nazima injini na kushuka frii ili niokoe mafuta. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, tena mkubwa. Injini ikiwa kwenye gia hukusaidia kuzuia mwendo. Ukiweka frii, breki peke yake zinabeba mzigo wote; breki za ngoma (zinazobana ndani ya kitovu cha gurudumu) hupata moto hadi ukikanyaga unahisi hazishiki, na hilo hutokea chini ya mteremko, mwendo ukiwa mkubwa. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia mlima huo. Mafuta unayookoa ni machache mno.

Swali: Cheni inagonga nikiongeza mafuta. Niikaze kiasi gani?

Jibu: Zima injini. Weka frii, chukua rula, upime sehemu ya chini ya cheni katikati ya sproketi mbili (vile vigurudumu vya meno vinavyoshika cheni): isukume juu na chini. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 mchezo wake, yaani umbali inaopanda na kushuka, ni milimita 20 hadi 30, ila kipimo cha kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni hailegei sawasawa. Tumia ile iliyokaza zaidi.

Legeza nati ya ekseli, kisha kaza nati za kurekebishia kushoto na kulia kwa kiasi sawa ukifuata alama. Zikipishana, gurudumu litakaa upande. Kaza ekseli, pima tena. Gurudumu likirudi nyuma, rodi ya breki ya ngoma nayo hukaza, kwa hiyo hakikisha linazunguka bila kukwaruza na pedali bado ina mchezo wake. Usiikaze cheni kama waya ukidhani ndiyo usalama: ukipakia abiria itavutika zaidi na kuua beringi na sproketi.

Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe, kisha paka oili upande wa ndani, kila kilomita 500 hivi na baada ya mvua. Gurudumu lizungushe kwa mkono. Injini ikiwaka, cheni hukata vidole. Klipu ya kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni, kama ipo, upande wake uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda.

Ikiwa inaendelea kugonga, ivute kutoka nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana nayo hadi uone nusu ya jino, imekwisha. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, maana meno yaliyolika huimaliza cheni mpya kwa muda mfupi.