Ni kazi, au ni umbea wa kulipwa?

SWALI: Mzee wetu, hujambo? Binti yangu alisomea saikolojia, sasa ameajiriwa Nairobi. Nilidhani atakuwa mshauri wa wagonjwa hospitalini. Kumbe anajiita mtaalamu wa tabia za watu! Nikimuuliza anafanya nini hasa, ananijibu, "Mama, tunatazama watu wanavyofanya." Majirani wakiniuliza nakosa la kusema. Hiyo ni kazi, au ni umbea wa kulipwa?
Mama Kifunguamimba, Mumias

JIBU: Sijambo, mama. Hapo kwenye umbea umenichekesha, kisha ukanikumbusha aibu yangu.

Nilikuwa afisa wa afya huko Busia miaka mingi, nikihubiri maji safi. Nilikuwa na bango lenye picha ya kidudu kikubwa kama kuku. Barazani nikiuliza maji ya chemchemi yatiwe nini, kina mama wanaitika kwa sauti moja: "Dawa!" Kesho yake nikipita majumbani, naikuta chupa ya klorini juu ya kabati, imeota vumbi, kizibo hakijaguswa. Ripoti yangu ikasema wananchi hawajaelimika. Uongo mtupu. Somo walilijua, hata picha zangu walizikariri.

Baadaye wakaja watafiti, miongoni mwao Michael Kremer, mchumi aliyepata Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Dawa ikahamishwa kutoka kabatini. Tangi dogo la klorini likawekwa kwenye nguzo palepale chemchemini, bure. Unazungusha valvu mara moja, kinashuka kipimo cha jerikeni ya lita 20, unajaza maji, unajitwika. Yanachanganyika njiani. Tena walio kwenye foleni wanakuona umetia au umepita tu, na macho ya jirani unayajua. Mwanakijiji mmoja akachaguliwa kulijaza tangi na kuwahimiza wenzake.

Siku moja nilikaa pale asubuhi nzima. Mama mmoja, yule yule wa chupa yenye vumbi, alizungusha valvu huku akisimulia habari za harusi. Hata hakukatiza sentensi. Mimi na bango langu tulikuwa tumemfuata miaka minne.

Chukua na matatu. Nani asiyejua kwamba mwendo wa kasi unaua? Lakini ndani ya gari kila mmoja humngoja mwenzake apige kelele. James Habyarimana na William Jack, wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walibandika stika ndani ya matatu za kuwahimiza abiria wamkemee dereva mzembe, na dereva aliyeziacha zisibanduliwe aliingizwa kwenye bahati nasibu. Katika jaribio la kwanza madai ya bima yalipungua kwa nusu hivi. Walipolirudia kwa maelfu ya magari, upungufu ukawa mdogo kiasi, kati ya robo na theluthi. Kwangu mimi bado ni wengi waliofika nyumbani. Kampeni yenyewe ikaitwa Zusha!, na jina hilo halihitaji tafsiri kwa aliyewahi kupanda matatu.

Kwa hiyo majirani waambie hivi: binti yangu hutafuta kwa nini mtu anajua jambo na hafanyi, kisha hubadilisha mahali, saa au njia ili kulifanya kuwe rahisi.

Ila muulize anayemlipa ni nani. Ujuzi huohuo anao mwenye kamari ya simu, anayekutumia ujumbe siku ya mshahara, jioni, wakati umechoka na pesa bado iko kwenye simu. Yeye naye hutazama watu wanavyofanya. Mtoto akienda huko, mimi ningemwita nyumbani tuzungumze.

Akija Desemba, mpeleke nyuma ya nyumba umwonyeshe neti ya mbu ya kliniki ilivyofunika kitalu cha sukuma wiki (usinikatalie, mama, nimeziona nyingi). Akianza kukuhutubia kuhusu malaria kabla hajakuuliza lolote, niandikie tena.