Trakoma ya mtoto mmoja, dawa nyumba nzima?

Salaam dada. Unauliza kwa nini mmemezeshwa azithromaisini (dawa ya kuua bakteria) nyumba nzima wakati anayeumwa trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, ni mtoto mmoja, na kichanga kapewa tyubu ya tetrasaiklini, mafuta ya kupaka machoni.

Kwanza angalia umri wa kichanga. Chini ya miezi 6 ni hayo mafuta ya macho, mara mbili kwa siku, wiki 6. Kazi kwelikweli, wa kwangu alikuwa akiona kifuniko tu, anafumba macho!

Hao wengine, usiwaache. Akitibiwa peke yake, wenzake watamrudishia ugonjwa kwa vidole, kanga na nzi. Kule Kahe Mpya, Rombo, Tanzania, walimeza azithromaisini karibu wote, wenye dalili wakaongezewa tetrasaiklini: maambukizi yakashuka toka 9.5% hadi 0.1% ndani ya miaka 2.

Bibi ambaye trakoma imemkunja kope mpaka zinamchoma jicho, vidonge havitamsaidia. Huyo ni upasuaji wa kope, mpelekeni.