Amonia haipelekei rangi

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye ripoti yangu ya maabara nimeandika "kuongeza amonia kwenye mrututu kulipelekea kutengenezwa kwa kompleksi yenye buluu iliyokoza". Msimamizi anasema kompleksi sio Kiswahili, niandike changamano. Nani yuko sawa?

Marahaba. Andika changamano, limetoka kwenye kuchangamana, vitu kuingiliana, na ndo kinachotokea humo. Ukiandika kompleksi pia sitakununia. Ligandi, yaani molekuli au ayoni inayoishika metali iliyo katikati ya changamano, iache ilivyo, asili yake Kilatini, ligare, kufunga. Haya, hilo limeisha.

Sasa njoo hapa. Hiyo "kulipelekea" msimamizi kaipita kama hajaiona, kaenda kumkamata kompleksi maskini! Peleka ni kitenzi chenye adabu zake, kuna anayepeleka na kuna mzigo, na ukisema pelekea lazima awepo na wa kupokea. Mpelekee mgeni maji. Kwenye sentensi yako nani kampelekea nani nini? Kuongeza ndo kumebeba kutengenezwa? Kukapeleka kwa nani, na huyo mtu alikuwepo nyumbani?

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ukiyeyuka kwenye maji unatoa buluu nyepesi, kwa sababu kila ayoni ya shaba imezungukwa na molekuli za maji. Tia matone machache ya amonia, unapata mashapo ya buluu iliyopauka, na hapo wengi wanadhani wameshaharibu. Wewe endelea kutia tu, mashapo yanapotea yote inabaki ile buluu nzito ya kuduwaza. Amonia nne zimeyatoa maji zimekaa mahali pake, na kila moja, kupitia naitrojeni yake, imekuja na jozi ya elektroni kuipa shaba. Umeona sasa? Mpelekaji yupo, mzigo upo, mpokeaji yupo! Amonia inaipelekea shaba jozi ya elektroni. Sentensi safi kabisa, ndo mahali pekee kwenye ripoti nzima ambapo pelekea ilikuwa na haki yake, na wewe hapohapo kwenye nakala uliyonitumia ukaandika eti amonia "inashirikiana" na shaba.

Rangi haikupelekwa popote. Sema "nilipoongeza amonia rangi ikakoza", hiyo -ka- peke yake inabeba chanzo na matokeo, bibi zetu wamesimulia nayo ngano nzima bila kupelekea chochote.

Ukurasa wa pili nao, "eksirei ilipelekea kujulikana kwa muundo". Jamani. Eksirei inapigwa kwenye fuwele, elektroni zinaitawanya, inaacha madoa, halafu ni wewe unakokotoa kila atomu imekaa wapi. Kazi umefanya mwenyewe unamsingizia mwanga! Mkemia Alfred Werner mwaka 1893 alishasema metali kama kobalti inazungukwa na ligandi sita kwenye pembe za oktahedroni, umbo la nyuso nane na pembe sita, wakati eksirei ilikuwa haijagunduliwa hata, alipima umeme kwenye myeyusho na kuhesabu isoma, yaani michanganyo yenye atomu zilezile zilizopangwa tofauti, mpaka Nobel ya 1913 ikamfuata.

Najua vita hii nimeshindwa zamani, kila nikiwasha redio mvua imepelekea foleni, na mimi siku hizi naguna tu nachemsha chai. Ila ripoti yako irekebishe kabla hujairudisha. Na kompleksi mbadilishie tu msimamizi, hiyo sio ya kugombania.