Jibu: Mashairi ya punk ni matusi tu au kuna ujumbe?

Mkuu umeuliza kama mashairi ya punk, ule muziki wa rock wa kasi na wa kiasi, yana siasa kweli au ni kelele na matusi, mi nasema siasa ipo, tena imejaa mpaka kwenye maneno yaliyochaguliwa. Chukua Sex Pistols, bendi ya punk ya Uingereza, mwaka 1977, Malkia Elizabeth anasherehekea miaka 25 ya kutawala, hao jamaa wakatoa wimbo God Save the Queen (Mungu Mlinde Malkia), yaani wameanza na maneno yaleyale ya wimbo wa taifa wa Uingereza afu hapohapo wanaitaja serikali ya kifashisti. Hapo ndo penyewe, wanachukua maneno unayoyaimba umesimama wima wanakurudishia yakiwa na sumu! Na mwisho wanarudiarudia "no future", hakuna kesho, maneno mawili tu ambayo kijana asiye na kazi anaelewa bila kamusi. BBC wakakataa kuupiga na bado ukafika namba 2 kwenye chati.

Sasa lugha fupi hivyo ina hatari yake pia. The Clash, bendi nyingine ya punk ya Uingereza, walitoa White Riot (yaani ghasia za weupe) mwaka huohuo baada ya kushuhudia vijana weusi wakipambana na polisi kwenye kanivali ya Notting Hill, London, 1976, wakawa wanawaambia vijana weupe na nyie amkeni, ila kuna watu waliusikia kama wimbo wa kibaguzi, na mi inaniuma sana kwa sababu maana yake ni kinyume kabisa. Usikilize ukiwa na mashairi mkononi mkuu, mstari kwa mstari.